Kupima kasi ya programu ya sataranji: soma kwanza jumla ya nodi

Nodi kwa sekunde, yaani misimamo ya ubaoni ambayo programu huichunguza kila sekunde, ni kipimo cha haki unapolinganisha matoleo mawili ya programu ileile yenye utafutaji uleule, au programu moja kwenye mashine mbili. Ukilinganisha Stockfish na Leela Chess Zero, hakikuambii kitu. Leela hutumia mtandao mkubwa wa neva, kwa kawaida kwenye kadi ya grafiki, hivyo hupitia nodi chache mno na bado hucheza vizuri sana. Kina, yaani hatua ngapi mbele programu inatazama, nacho hakisaidii: kila programu hukata matawi (njia za mchezo inazoamua kutozichunguza) kwa namna yake, kwa hiyo kina cha 20 cha moja si kina cha 20 cha nyingine.

Kwa Stockfish, fungua terminali uandike `./stockfish bench`. Usipoongeza kitu, hutumia hashi (kumbukumbu ya misimamo iliyokwisha kuchunguzwa) ya MB 16, uzi mmoja (mkondo mmoja wa kazi kwenye prosesa) na kina cha 13, juu ya misimamo iliyomo ndani yake. Mwishoni hutoa muda kwa milisekunde, jumla ya nodi, na nodi kwa sekunde. Wageni hukimbilia namba ya mwisho, ilhali ya kati ndiyo ya kusomwa kwanza. Kwa uzi mmoja, jumla hiyo haibadiliki hata kwa nodi moja, urudie mara ngapi. Ikiwa ulirekebisha msimbo ili kuongeza kasi tu na jumla ikabadilika, umegusa utafutaji wenyewe, na kasi hiyo mpya huwezi kuilinganisha na ya zamani. Ukiweka nyuzi nyingi, jumla hupanda na kushuka kila mara, maana zote huandika kwenye hashi moja bila mpangilio maalumu.

Kina cha 13 huisha upesi. Jaribu `./stockfish bench 64 1 18`, yaani hashi ya MB 64, uzi mmoja, kina cha 18. Matoleo mawili unayoyalinganisha yaite A na B. Endesha A, kisha B, kisha A tena, hadi kila moja ifike mara kumi, uchukue namba ya katikati. Ukimaliza A zote kwanza, prosesa itakuwa imeshapata moto na kupunguza mwendo, na B itaonekana nzito bure. Laptopu iwe kwenye chaji, kivinjari kifungwe. Kama A peke yake inapishana kwa 2%, ushindi wa 1% usiuamini.

Angalia pia aina ya faili uliyopakua. Kila faili hutengenezwa kwa seti fulani ya maagizo ya prosesa, kama bmi2 au avx2. Kwenye prosesa za AMD Ryzen za kabla ya kizazi cha Zen 3, ile ya bmi2 mara nyingi huzidiwa na ya avx2, kwa kuwa agizo la pext, ambalo ile ya bmi2 hulitumia, huko ni zito.

Mabadiliko yakigusa utafutaji, pima kwa mechi, maelfu ya michezo ya muda mfupi. Stockfish 12 ya Septemba 2020 ilipoingiza NNUE, mtandao mdogo wa neva wa kutathmini misimamo, nodi kwa sekunde zilishuka, lakini nguvu ya uchezaji ikapanda sana.