Sheikh, Kulwa na Doto ni majina ya kikafiri?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Niko Isevya hapa Tabora, Jumatatu asubuhi nimejifungua mapacha wa kike. Mama mkwe keshaanza kuwaita Kulwa na Doto, mume wangu anataka majina ya Kiislamu, jirani nae kanambia tukiacha hayo ya Kinyamwezi basi akika haisihi. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Hongera sana mwanangu, Allah awakuze na awajaalie wawe wema kwenu.

Huyo jirani mwambie taratibu tu kwamba hilo halipo. Akika, yaani mbuzi anayechinjwa kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa, haibatiliki kwa sababu ya jina la Kinyamwezi, na dini haijasema kila jina liwe la Kiarabu. Umar, Khadija, Uthman, haya majina walipewa na wazazi wao kabla Uislamu haujaja na Mtume (s.a.w) hakuyabadilisha, yeye alikuwa anaangalia maana. Kuna bwana alikuja kwake anaitwa Hazn, yaani ugumu, na hicho ni Kiarabu kabisa, Mtume akamwambia wewe ni Sahl, mwepesi, yule akakataa eti habadilishi jina alilopewa na baba yake, mjukuu wake Said bin Musayyib akaja kusema ule ugumu haukuwatoka kwenye ukoo. Sasa Kulwa ni wa kwanza kutoka na Doto anafatia, ubaya uko wapi hapo? Na akija mwingine bibi yake atamwita Shija, pia hana kosa.

Ninapopaogopa mimi ni kwingine. Huku kwetu mtoto akilia usiku mfululizo utasikia babu fulani anataka jina lake, anaitwa mganga, anavalishwa hirizi, mapacha nao wanafanyiwa tambiko eti wasije wakadhuru ukoo. Hapo ndipo kwenye shirki, kumshirikisha Allah, mwanangu, na hapo usikubali hata kidogo, hata kama hao watoto mmewaita Fatma na Zaynab. Mtoto akilia mpeleke hospitali, na msomee sura za Falaq na Naas.

Mume wako nae ana haki, kuchagua jina zuri ni jukumu la baba, na majina ya watu wema yana baraka. Wapeni hayo muyaandikishe kwenye cheti cha kuzaliwa, bibi aendelee na Kulwa na Doto wake nyumbani, msimvunjie heshima mama wa watu kwa jambo ambalo sheria haijalikataza.

Akika kila mmoja mbuzi wake, kwa hiyo wawili, msije mkachinja mmoja mkasema ni mapacha. Kwa kuwa wamezaliwa Jumatatu asubuhi siku ya saba ni Jumapili, siku hiyo wanyoeni nywele mzipime, mtoe sadaka ya fedha, yaani madini ya silva, ya uzito huo au thamani yake, sonara yoyote pale mjini atawapigia hesabu. Kama hela ya mbuzi haijapatikana msikope, subirini mpaka ipatikane, ila majina msichelewe kuwapa.

Wallahu a'lam.