Nani hupata mgao mkubwa zaidi wa serikali kuu kwa kichwa, kaunti ya Nairobi au ya Lamu?
Lamu, tena kwa mbali. Mwaka wa fedha 2021/22 Nairobi ilitengewa takriban shilingi bilioni 19.2, Lamu bilioni 3.1. Gawanya kwa sensa ya 2019 (milioni 4.4 dhidi ya laki 1.44): Nairobi inabaki na kama 4,400 kwa kila mkazi, Lamu zaidi ya 21,000. Kwa hiyo dai kwamba "Nairobi inakula pesa zote za kaunti" si kweli.

Sababu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa kwenye fomula ya tatu ya kugawa pesa za kaunti, iliyopitishwa na Seneti 2020: asilimia 20 iligawanywa sawasawa kwa kaunti zote 47, bila kujali ukubwa. Idadi ya watu ilikuwa na uzito wa asilimia 18 tu, afya 17, umaskini 14, ukubwa wa ardhi 8.

Ila hapo ni mgao wa Hazina peke yake. Ada za maegesho, leseni za biashara na kodi za viwanja hubaki kwa kaunti iliyozikusanya, na hapo Lamu haimfikii Nairobi hata kidogo. Wala kilomita moja ya barabara au zahanati ya kisiwani haigharimu sawa na ya mjini.