Linki za Afilieti Kwenye Mitandao ya Kijamii: Unavunja Masharti au Huvunji?

Swali hili hunifikia mara kwa mara, na mara nyingi anayeuliza ameshaposti tayari: je, kuweka linki za afilieti (zile za bidhaa za duka zinazokupa kamisheni mtu akinunua kupitia kwako) Facebook, Instagram au YouTube ni kuvunja masharti ya programu, yaani mpango wa duka unaokulipa kamisheni hiyo? Kwa programu nyingi kubwa, hapana. Amazon, ambayo mpango wake wa washirika ulianza mwaka 1996, inaruhusu. Wanaofungiwa akaunti kwa kawaida wanaponzwa na namna walivyoposti na mahali walipoposti, wala si mitandao ya kijamii yenyewe.

Nimesoma masharti ya programu za kila aina, mengine marefu kiasi kwamba nashuku hata aliyeyaandika hakutarajia yasomwe. Makatazo yake, ukiyachambua, mengi yana mzizi mmoja: anayekulipa anataka kuona linki yake imewekwa wapi. Ukishalielewa hilo, unaweza kubashiri nusu ya masharti kabla hujayafungua. Bado inabidi uyafungue.

Chukua Amazon, kwa kuwa wengi ndiko wanakoanzia. Unapojisajili unaombwa orodha ya tovuti, programu za simu na kurasa za mitandao utakazotumia. Orodha hiyo si pambo. Mtu aliyejisajili kwa tovuti yake, kisha akafungua chaneli ya YouTube na kuanza kumwaga linki huko bila kuiongeza kwenye orodha, anaanza kuleta mibofyo kutoka mahali wasipopajua. Hilo peke yake linatosha kuleta maswali, na kulizuia ni kazi ya dakika chache ndani ya akaunti yako. Ukurasa wenyewe uwe wako na uwe wazi kwa umma. Mkaguzi akifika akakuta akaunti ya faragha, hana cha kukagua.

Kwa hiyo kuposti ni jambo moja, kumtumia mtu ni jambo lingine. Posti iliyo wazi kila mtu anaiona, kampuni ikiwemo. Linki uliyomtumia mtu inboksi, au uliyoitupa kwenye kikundi cha faragha cha WhatsApp, haionekani na yeyote nje ya kikundi hicho. Ndiyo maana programu nyingi zinazoruhusu Facebook bila shida hubadilika sauti zikisikia ujumbe wa faragha, barua pepe au kitabu cha PDF. Kwa miaka mingi Amazon ilikataza linki zake ndani ya barua pepe, ilhali linki ileile kwenye ukurasa wa wazi ilikuwa halali. Watu huniambia huo ni ukaidi tu. Mimi naona una mantiki: barua ikishatoka, hakuna anayejua ulimwahidi nini msomaji.

Programu moja niliyokuwa nayo iliwahi kuzuia kamisheni zangu ikitaka nieleze mauzo ya ghafla yalitoka wapi. Niliwatumia anwani ya posti, wakaifungua, wakaona maelezo yangu na maoni ya wasomaji, pesa ikatoka. Kama mauzo yale yangetoka kwenye mazungumzo ya faragha, sijui ningewaonyesha nini.

Linki fupi nazo zinaingia humohumo. Kufupisha si kosa kila mahali, na Amazon yenyewe inakupa linki fupi ya kwake. Kosa ni kuficha: kumpitisha mbofyaji kwenye anwani ambayo haimwambii anaelekea duka gani, au inayofuta alama ya mahali alipotoka. Ukiwa na shaka, tumia kifupisho cha programu husika na uachane na vya nje.

Kuna makosa mengine ambayo mitandao ya kijamii inayarahisisha mno kwa sababu kule tunaongea kama marafiki. “Jamani, nunueni kupitia linki yangu mniunge mkono.” “Ukinunua nitumie risiti nikupe zawadi.” Sentensi za aina hii ni za kawaida kabisa kwenye mazungumzo, ila programu nyingi huzihesabu kama kushawishi watu wabofye kwa sababu isiyohusiana na bidhaa. Kununua mwenyewe kupitia linki yako nako kwa kawaida hakuruhusiwi. Halafu kuna bei. Ukipiga picha ya skrini ya ukurasa wa duka, ikiwa na bei na nyota za wateja, bei inaweza kubadilika jioni hiyohiyo huku posti yako ikiendelea kuitangaza ile ya asubuhi. Amazon ni kali hapa: bei na maoni ya wateja yanatakiwa yatoke kwenye zana zake zinazojisasisha. Mimi bei siandiki kabisa, na picha napiga mwenyewe.

Ukishamalizana na programu, bado kuna mwenye mtandao. Pinterest ilizuia linki za afilieti mwaka 2015, kisha ikazirudisha mwaka 2016. Katika kipindi hicho mtu angeweza kuwa safi kabisa mbele ya programu yake huku linki zake zikiondolewa na mtandao. YouTube inaziruhusu, lakini chaneli ambayo kazi yake ni kumimina linki kwa wingi inahesabiwa kuwa takataka (spam). Instagram haifanyi linki ibofyeke ndani ya maelezo ya posti, kwa hiyo kuibandika pale ni kujichosha; iweke kwenye wasifu. Vikundi vina wasimamizi wenye sheria zao, na msimamizi aliyechoka hahitaji kukueleza kwa nini amekutoa.

La tatu ni msomaji mwenyewe, na hapa ndipo watu wengi hufanya mambo nusunusu. Marekani, tume ya biashara ya FTC inataka mtu anayelipwa kwa kupendekeza bidhaa aseme hivyo waziwazi, na mwongozo wake ulifanyiwa marekebisho mwaka 2023. Uingereza, mamlaka ya matangazo ya ASA nayo inataka posti za afilieti zitambulike kuwa ni matangazo. Kuandika “linki ya afilieti” na kunyamaza hakutoshi, kwa sababu wasomaji wengi hawajui maana yake ni kwamba unalipwa. FTC imelisema hilo. Andika maneno ya mtu wa kawaida: “Ukinunua kupitia linki hii napata kamisheni.” Yaweke karibu na linki, juu, kabla maelezo hayajakatwa na mtu kulazimika kubofya ili asome zaidi. Kuyazika kati ya alama za reli (hashtag) ishirini ni kuyaficha. Kwenye video, yaseme ndani ya video yenyewe, maana wengi hawafungui maelezo ya chini. Amazon ina sentensi yake maalumu ya kuonyesha kwamba wewe ni mshirika, na inaitaka hata kama umeshaeleza kwa maneno yako.

Matangazo ya kulipia nayagusa kwa ufupi kwa kuwa mimi siyatumii. Kununua tangazo kwenye injini ya utafutaji kwa kutumia jina la kampuni inayokulipa kunakatazwa na programu nyingi, maana unawauzia wateja waliokuwa wakija wenyewe. Kulipia posti yenye linki ili iwafikie watu wengi zaidi ni jambo la kuuliza kwanza.

Kuuliza kwenyewe kuna namna yake. Ukiandikia huduma kwa wateja “Naruhusiwa kutumia mitandao ya kijamii?” utajibiwa ndiyo, na jibu hilo halitakulinda popote. Taja mtandao, aina ya posti, kama ni ya wazi au ya kikundi, na kama umeilipia: “Nina kikundi cha WhatsApp cha watu waliojiunga wenyewe. Naweza kuweka linki humo?” Jibu lihifadhi pamoja na tarehe, maana masharti hubadilika. Wakikaa kimya, au wakikubandikia aya ya masharti ambayo ulishaisoma, weka kwenye kikundi anwani ya makala yako mwenyewe, na linki ya afilieti ibaki ndani ya makala, mahali wanapoweza kuiona.