Usimlipe wakala: yale niliyojifunza msimu ambao Slavia haikufungwa

Juzi nilipata ujumbe wa kijana wa Kisauni, Mombasa. Ana miaka 19, anacheza winga, na kuna wakala amemwahidi majaribio katika klabu ya ligi kuu ya Ucheki. Wakala anataka shilingi laki tatu kabla ya kitu chochote. Mama yake amepokea zamu yake ya chama na pesa ziko tayari mezani. "Kaka, wewe uko huko. Nilipe ama nisilipe?"

Nilimjibu papo hapo: usilipe. Halafu nikashindwa kulala, maana mimi nililipa.

Nilifika Praha, mji mkuu wa Ucheki, Februari 2020 kwa viza ya kusomea lugha, begi langu lina jozi mbili za daluga na nguo chache. Habari za ubalozi na makaratasi naziruka, kila anayetaka kuja Ulaya atazionja mwenyewe. Mwezi mmoja baadaye corona ikafunga kila kitu. Julai, wakala wangu akanipeleka majaribio ya siku tatu katika klabu ya daraja la pili. Jina lake sitalitaja.

Siku mbili za kwanza nilicheza vizuri, na hilo nalisema kifua mbele. Nina mguu wa kushoto ambao Mombasa walioniona wanaujua. Siku ya tatu tukagawanywa, tukacheza mechi kamili. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikapokea mpira katikati ya uwanja nikiwa nimelielekea goli letu, na beki wangu akapiga kelele: "Záda!" Sikujua maana yake. Nikatulia na mpira, mtu akaja kutoka nyuma akaupokonya. Dakika kumi baadaye, tena: "Záda!" Safari hii waliponyang'anya wakaenda kufunga. Yule beki alinitazama kama mtu aliyemwonya mwenzake gari linakuja na mwenzake akasimama palepale barabarani.

Záda ni mgongo. Uwanjani maana yake: mtu yuko mgongoni kwako. Miezi mitano nilikuwa darasani nikijifunza kununua mkate na kuuliza tramu inapita wapi, na neno hilo moja hakuna aliyenifundisha. Wala mimi sikuuliza.

Jioni kocha alisoma majina kwenye karatasi iliyolowa. Langu halikuwemo. Hakunitazama usoni, na siku zote tatu hakuwahi kuniita kwa jina. Miaka imepita, bado linaniuma. Msaidizi wake ndiye aliyenifuata kwenye maegesho akaniambia kuna timu ya kijijini, madaraja ya chini kabisa, wanatafuta winga. Watanipa nauli na kazi ya ghala. Nikamwambia sikuvuka bahari kuja kucheza kijijini.

Sasa sikilizeni nyote mnaoniandikia, maana ndoto yenu na yangu ni moja. Kiangazi hichohicho, Msenegali mmoja aitwaye Abdallah Sima, mzaliwa wa 2001, alikuwa anatoka Táborsko, klabu ndogo ya kusini mwa Ucheki iliyokuwa inacheza madaraja ya chini. Slavia Praha, vigogo wa ligi kuu ya Ucheki, wakamchukua, na hata pale hakupewa jezi ya kwanza mara moja. Alianzia kikosi cha pili. Hadi msimu unaisha alikuwa na mabao 11 ya ligi, na mwaka 2021 Brighton ya Uingereza ikamnunua. Mimi mwaka huo nilikuwa napanga masanduku ghalani. Kazi ya ghala niliifanya hivyohivyo, ila bila mpira.

Msimu wenyewe, wa 2020/21, ulikuwa wa ajabu tangu mwanzo. Uliotangulia uliisha bila kundi la kushuka daraja kumaliza mechi zake kwa sababu ya corona, kwa hiyo hakuna aliyeshuka, mbili zikapanda, na timu zikawa 18 badala ya 16. Mechi 34 kwa kila timu. Slavia ya kocha Jindřich Trpišovský ilikuwa imeshampoteza Tomáš Souček aliyekwenda West Ham, na Oktoba beki wa kulia Vladimír Coufal akamfuata hukohuko. Nilidhani imekwisha. Ikashinda mechi 26, ikatoka sare 8, haikufungwa hata moja. Pointi 86. Sparta, jirani na hasimu wake, ikashika nafasi ya pili kwa pointi 74.

Niliufuata msimu huo karibu wote kwenye simu, wakati wa mapumziko ya zamu ya usiku. Viwanja vilikuwa vitupu, hakuna mashabiki, kwa hiyo vipaza sauti vya televisheni vilinasa kila kinachosemwa uwanjani. Hapo ndipo nilipopata darasa langu. "Čas!", yaani una muda, tulia. "Sám!", uko peke yako, geuka. Na kila baada ya dakika chache, záda, záda. Nilikuwa nayaandika nyuma ya karatasi za mizigo. Februari 2021 Slavia walipoitoa Leicester kwenye Ligi ya Europa kwa kushinda 2-0 kulekule Uingereza, na Sima akafunga la pili, nilifurahi hadi msimamizi akaja kuniuliza kuna nini. Kisha nikaingia chooni nikalia. Alikuwa na miaka 19.

Aprili, Arsenal wakaja Eden, uwanja wa nyumbani wa Slavia, wakawafunga 4-0. Ulaya ikaishia hapo. Nilingoja waporomoke na kwenye ligi. Hawakuporomoka. Ndiyo maana nawaambia, zile sare 8 zitazameni kuliko ushindi 26. Timu inayocheza vibaya Jumapili na bado ikakataa kufungwa ina kitu ambacho mimi sikuwa nacho siku ile kwenye maegesho. Mimi nilitaka ushindi au basi.

Jifunzeni lugha. Nitarudia hadi mchoke: jifunzeni lugha, na muanze na lugha ya uwanjani kabla ya ile ya dukani. Msidharau madaraja ya chini. Souček huyo anayejulikana leo alipelekwa kwa mkopo Viktoria Žižkov, daraja la pili. Coufal alipitia Hlučín na Opava. Hao ni wenyeji, wana mama na baba karibu, na bado walipita huko. Wewe uliyetoka Kisauni, au Temeke, au Bujumbura, nani alikwambia una njia fupi kuliko yao? Kiburi kinakula umri, na umri wa mchezaji haurudi. Ile timu ya kijijini niliipigia mwezi wa tatu 2021. Nafasi ilikuwa imeshajaa.

Na wakala anayetaka pesa kabla hujagusa mpira, kaa naye mbali. Wakala wa kweli anakula kwenye mkataba wako, kwa hiyo ana haraka ya kuupata kama wewe. Wangu alipochukua chake, simu yake ikawa haipatikani, na hakuna aliyekuja kuniuliza nimekula nini.

Kijana wangu, mrudishie mama pesa zake leo hii. Kisha nitumie mechi moja uliyocheza, dakika zote tisini. Sitaki vipande vya mabao na chenga vilivyotiwa muziki. Hapa kuna watu wawili watatu wa madaraja ya chini ninaowafahamu sasa, na hao hutaka kuona unafanya nini ukishapoteza mpira. Usikate hata sehemu moja.