Fundi Anajibu: Hesabu za kikundi zimefutwa kwenye flashi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama 28. Hesabu zetu za hisa na mikopo tangu Januari ziko kwenye flashi ya GB 16, faili la Eksel ndani ya folda moja. Juzi mtoto wa dada yangu aliifuta folda hiyo apate nafasi, akaweka filamu mbili. Pipa la taka la kompyuta nimelipekua, hamna kitu. Kuna fundi anataka elfu hamsini. Alhamisi tuna mkutano na mwenyekiti sijamwambia. Je, zinarudi?
*Katibu, Makambako*

JIBU: Pole sana, dada. Kama flashi bado imechomekwa, ichomoe kwanza ndipo uendelee kusoma.

Kwenye pipa la taka usingeikuta. Kinachofutwa kwenye flashi kwa kawaida hakipitii huko. Lakini kufutwa si kuteketea. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, na humo kompyuta ikifuta faili huharibu alama ya kwanza ya jina lake kwenye orodha, kisha huhesabu nafasi yake kuwa iko wazi. Hesabu zenyewe hubaki palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo zile filamu mbili zinanitia wasiwasi kuliko kule kufuta, na ndiyo maana nakuomba usiweke humo hata barua moja.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi, mzee mmoja aliniletea kompyuta iliyofutwa picha za marehemu mkewe. Nikapakua programu ya kurejesha mafaili, nikaisakinisha kwenye diski ileile. Picha kadhaa zilirudi nusu: paji la uso na macho yapo, kuanzia puani kwenda chini ni kijivu kitupu. Mzee alizitazama moja moja, akaniomba nimchapishie hivyohivyo.

Sasa azima kompyuta, pakua Recuva, programu ya kurejesha mafaili ambayo ina toleo la bure, na uisakinishe kwenye kompyuta, si kwenye flashi. Ndipo uchomeke flashi. Ukitokea ujumbe unaotaka uiformati, yaani uipange upya, kataa. Chagua herufi ya flashi, ruhusu uchunguzi wa kina, halafu vuta subira. Itakuja orodha yenye vidoa vya rangi: kijani kina matumaini, chekundu mara nyingi kimeshaandikwa juu. Majina mengine yatakosa herufi ya kwanza, HESABU ikaonekana _ESABU. Usishtuke. Unachookoa kihifadhi kwenye kompyuta, kamwe usikirudishe kwenye flashi hiyo.

Tena usiishie kwenye jina unalolijua. Kila unapohifadhi, Eksel huandika kwanza nakala mpya kwa jina la ajabu, mchanganyiko wa tarakimu na herufi, kisha hufuta ya zamani na kuipa mpya jina lake. Maana yake, kila Alhamisi uliyoingiza michango huenda iliacha nakala iliyofutwa humo humo. Filamu ikiwa imeifunika ya wiki iliyopita, ya mwezi uliopita yaweza kuwa salama. Okoa zote zenye ukubwa unaofanana na faili lako, na zisizo na .xlsx mwishoni uziongezee. Faili likigoma kufunguka, litazame kwa Notepad, programu ya maandishi ya Windows: likianza na herufi PK, mwanzo wake ni mzima, iambie Eksel ijaribu kulitengeneza. Likiwa tupu mwanzo hadi mwisho, achana nalo.

Huyo wa elfu hamsini, ukimhitaji, mlipe baada ya kuona mafaili yanafunguka na majumla yanasomeka.

Mwenyekiti mwambie leo, usingoje Alhamisi. Waombe akina mama waje na vitabu vyao vya hisa. Ukipata hata nakala ya mwezi uliopita, vitabu vitajazia wiki zilizobaki, na mtazihakiki pamoja mbele ya wote.

SWALI: Nimefuta folda ya chuo kwa Shift na Delete. Kompyuta yangu ina SSD, ile diski isiyo na sehemu inayozunguka. Programu inaonyesha majina yote lakini mafaili hayafunguki. Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi, Dodoma*

JIBU: Hujakosea, mwanangu. Tangu Windows 7, kompyuta ikifuta faili kwenye SSD huiarifu diski kwamba nafasi ile haihitajiki tena, na diski huisafisha yenyewe, mara nyingi baada ya muda mfupi. Majina yamebaki, yaliyomo yamekwenda. Usimlipe mtu kuyatafuta humo. Tafuta nje: barua pepe ulizomtumia msimamizi wako, nyaraka kwenye WhatsApp za wenzako wa kundi, na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, kama uliiwasha, kwani pipa lake la akaunti binafsi hutunza vilivyofutwa kwa siku 30. Anza na OneDrive, siku zinahesabika.