Siku moja Mji Mkongwe bila mbio

Dada, kama una siku moja tu Mji Mkongwe na hutaki kukimbizana, asubuhi potea vichochoroni uangalie milango. Ya Kiarabu ya zamani juu imenyooka, ya Kihindi imepinda kama upinde. Ukikuta mnyororo uliochongwa kwenye miimo, simama uupapase kidogo. Jua likikaza, ingia Ngome Kongwe kutazama picha za wachoraji. Halafu Mizingani, ile Zahanati ya Zamani iliyokamilika 1894: kwangu mimi roshani zake hazina mpinzani. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, itazame kwa nje tu, sehemu yake iliporomoka 2020. Usiku ni taarab. Ulizia Culture Musical Club, wapo tangu 1958. Beba noti ndogondogo za kuwatunza waimbaji!