Kocha, huyu ni binti kweli? Maswali yenu kuhusu homoni na mbio za kina dada

Tangu nigusie habari ya Caster Semenya, yule mwanadada wa Afrika Kusini wa mbio za mita 800, simu yangu haijapoa, mmeuliza kutoka Igoma, Musoma, Bukoba mpaka visiwani, nimechukua yale yanayojirudia. Nimefundisha riadha mashuleni hapa Mwanza miaka mingi kwa hiyo nikijibu hili nina sura za watoto kabisa kichwani.

SWALI (Igoma): Kocha shikamoo. Kijiweni tumebishana mpaka basi, Semenya ni mwanaume aliyebadili jinsia au siyo?

Marahaba. Siyo kabisa, na naomba ubishi huo uishe leo. Semenya alizaliwa Afrika Kusini akaonekana mtoto wa kike, akalelewa wa kike, hajabadili kitu. Ila amezaliwa na hali ambayo mwili una kromosomu za XY, zile ambazo kwa kawaida ni za wanaume, na testosteroni, homoni ya kiume, inapanda kuliko kawaida ya wanawake. Trans ni mtu mwingine, yeye alizaliwa akaonekana wa kiume halafu baadaye akaishi kama mwanamke, pengine kwa dawa au upasuaji. Mambo mawili tofauti na sheria zake tofauti, sisi tunayapika sufuria moja. Na kumbuka mita 800 za Rio 2016, Semenya dhahabu, Francine Niyonsaba wa Burundi hapo jirani fedha, Margaret Wambui wa Kenya shaba, wote watatu sheria ya homoni ikaja kuwabana.

SWALI (Buswelu): Hivi sisi wanawake nasi tunayo hiyo testosteroni? Na kweli inamsaidia mtu kiasi hicho?

Mnayo mama, ila kidogo. Kwa wanawake wengi haifiki nanomoli 2 (kipimo kidogo sana cha homoni) kwa lita ya damu, kwa wanaume inaanzia kwenye 8 hivi inaenda mpaka karibu 30. Watoto kabla ya kubalehe wanakimbizana tu sawa, mabinti wanawashinda wavulana kila siku, kisha balehe inaingia na mvulana anaongezeka misuli, mifupa, kimo, na damu inabeba oksijeni nyingi zaidi. Angalia mita 800, rekodi ya wanaume ya David Rudisha wa Kenya ni 1:40.91, ya wanawake ni 1:53.28 na imekaa tangu 1983, sekunde 12 nzima. Bila mbio za wanawake peke yao binti zetu wasingeonekana hata fainali, na mimi hapo sitetereki. Lakini angalia na hili, muda bora wa Semenya ni 1:54.25, yaani hata rekodi ya wanawake hajaivunja, na kwa Rudisha hakaribii. Wanaosema anakimbia kama mwanaume saa hawajaitazama.

SWALI (Musoma): Kwa hiyo mtu akibadili jinsia leo, kesho anaingia mbio za wanawake?

Hapana kaka. Olimpiki iliwahi kuruhusu, mwaka 2015 ikaweka kiwango cha chini ya nanomoli 10 kwa miezi 12, na Tokyo 2021 Laurel Hubbard wa New Zealand, ambaye ni trans, akanyanyua vyuma na wanawake, akakosa mara zote tatu akatoka. Baadaye milango ikaanza kufungwa, kuogelea Juni 2022, riadha 31 Machi 2023, aliyepitia balehe ya kiume hashindani na wanawake kwenye mashindano ya dunia. Sababu ni kwamba ukishusha homoni damu inarudi haraka kiwango cha kike, ila misuli inapungua kidogo tu hata baada ya mwaka, na kimo ndio kabisa hakirudi. Kwa ngazi ile mimi nakubaliana nao. Ila sikubali mnavyowatukana hawa watu, Hubbard hajaiba kitu, alifuata sheria iliyokuwepo siku ile.

SWALI (Sengerema): Wenye hali kama ya Semenya si wameze tu dawa wakimbie?

Ndivyo walivyoambiwa mpaka 2025. Kwanza kiwango kilikuwa 10, ikaja 5 kwa mbio za mita 400 mpaka maili, 2023 ikawa 2.5 kwa michezo yote ya riadha tena kwa miezi 24. Ni kama jicho la nyavu huku ziwani, kila baada ya muda wanabadilisha kipimo na samaki ni wale wale. Semenya aliwahi kumeza, anasema zilimuumiza. Annet Negesa wa hapo Uganda, mkimbiaji wa mita 800 huyu, alifanyiwa upasuaji 2012 na anasema hakuelezwa vizuri kinachofanyika, mwili haukurudi tena. Binti mzima wa afya apewe tiba ya ugonjwa asiokuwa nao ili tu akimbie? Hapo mimi nashindwa kukubali, hata kama nataka haki kwenye mbio.

SWALI (Bukoba): Si wapime jeni tumalize?

Wameshaanza, tangu 1 Septemba 2025 wanawake wanaokwenda mashindano ya riadha ya dunia wanapimwa jeni ya SRY, ile inayoanzisha ukuaji wa kiume, kwa kupangusa ndani ya shavu au kwa damu, mara moja maishani. Ilianza na yale ya Tokyo ambayo Simbu wetu alitupa dhahabu ya marathoni. Sasa usidhani inamaliza. Atlanta 1996 walipima hivyo hivyo wakakuta wanawake 8 wenye jeni hiyo, wote wakaruhusiwa. Maria José Martínez-Patiño wa Hispania alifeli kipimo 1985 akafutwa kila kitu, kumbe mwili wake hauisikii kabisa testosteroni, amerudishwa 1988 miaka imeshakwenda. Sheria ya sasa inawaacha wa namna yake wakimbie, nashukuru, lakini kipimo bila daktari wa kukifafanua ni balaa.

SWALI (Nansio): Binti yangu ana miaka 14, sauti nzito, hana kifua, anawaacha wavulana. Mwalimu wa timu pinzani amesema akaguliwe kwanza, na watoto wanamuita jikedume. Nifanye nini kocha?

Mama yangu, hili limenikosesha usingizi. Miaka ya nyuma Nyamagana nikiwa mshika saa niliona binti wa kama huyo ameshinda, mwalimu mmoja mwanamke akamchukua nyuma ya vyoo "kumwangalia", mtoto akarudi analia, hakukimbia tena mpaka leo. Mimi nilikuwepo nikanyamaza na saa yangu mkononi.

Kwa hiyo sikiliza. Hakuna mwalimu mwenye ruhusa ya kumvua mtoto wako, hakuna. Sheria zote nilizoeleza ni za mashindano ya dunia, mbio za shule hazimo. Akisema tena mwambie aandike barua aipeleke kwa mkuu wa shule, na wewe uwepo. Kubalehe kwa kuchelewa kwa binti anayekimbia sana hutokea, ila kwa miaka 14 bila kifua kabisa, tena na sauti nzito, usisubiri, mpeleke hospitali sasa kwa ajili ya afya yake, si kwa ajili ya medali, na majibu ni yako na yake tu.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi nipo uwanjani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Panda naye meli mje, aje na raba zake.